Aliyeshika Mikoba ya Kwaya

Kimeli alikuwa akila andazi kwa mkono mmoja na kutia picha kwenye nyimbo kwa mkono wa pili, Wilkista alipoingia dukani akitoka kuchuma chai, aproni yake ya nailoni ikichuruzika maji. Duka lenyewe ni chumba kimoja nyuma ya kituo cha mafuta pale Litein. Watu huja na flashi na memori kadi, Kimeli anawajazia nyimbo, wanaenda zao. Alasiri hiyo alikuwa akishughulikia albamu mpya ya kwaya ya kanisa la kambi ya wachuma chai. Wimbo usio na picha ukichezwa huonyesha kibao cha kijivu tu, na siku hizi hata mtu wa bodaboda hataki kibao cha kijivu.

Kazi ni ndogo. Unachagua nyimbo zote kwa pamoja, unaita picha, unahifadhi. Picha huingia ndani ya wimbo wenyewe kama yai ndani ya kuku, na popote wimbo utakaponakiliwa picha huenda nao. Isiwe nzito tu, maana redio za magari huikataa. Picha hii aliileta mwenyekiti wa kwaya, Mzee Kipngeno. Wanakwaya walikuwa wamepangwa kando ya chai wakiwa na sare mpya za zambarau, na nyuma yao gari la kwaya, Probox nyeupe, imeoshwa ikang'aa. Mzee Kipngeno alisimama katikati, akitabasamu.

"Kimeli," Wilkista akasema, "huyo wa pembeni si Amondi?"

Kimeli akasogea karibu na skrini. "Ni yeye."

"Ameshika nini?"

"Hanbegi za watu."

"Ehe. Hiyo siku walimshikisha hanbegi."

Amondi alikuwa binti yake Wilkista, na sauti inayoongoza katika albamu yote ilikuwa yake. Baada ya kurekodi alipata mimba bila mume, kanisa likamtenga, na siku ya kupiga picha akaambiwa asimame nyuma ya mpiga picha awashikie wenzake mikoba. Kwa hiyo katika picha hakuwemo. Kimeli alifungua flashi ya mwenyekiti kuhakikisha: hakuwemo. Alifungua wimbo: alikuwemo, kwenye nyasi upande wa kushoto, mikoba imejaa mkononi. Isitoshe, walikuwa wamemzika mwaka uliopita. Kimeli akamalizia andazi lake na kuhifadhi kazi.

Wilkista hakuwa na picha ya mwanawe. Zilizokuwepo zilikuwa kwenye simu ya Amondi, nayo ilizama matopeni siku aliyokufa. Simu ya Wilkista mwenyewe ni kabambe, ile ndogo ya vibonye, inaimba lakini haina pa kuonyesha sura. Ikawa kila jioni baada ya kupima chai anapitia dukani, anakaa kwenye benchi, na Kimeli anamfungulia wimbo. Alikuwa na furaha, na hakuificha.

Albamu ilienea Roret, ikafika mpaka Soin, na Amondi akaenda nayo. Pichani tumbo lake likaanza kuonekana, kwanza kidogo chini ya sweta, kisha wazi. Watu wa bodaboda wakingoja abiria walikuwa wakitazama simu zao na kuambiana kwamba leo amebadilisha mkono, mikoba imemlemea. Rodah wa sauti ya pili aliukuta mkoba wake mle ndani, akashukuru kwamba angalau haujawekwa chini. Hakuna aliyeuliza kwa nini mwenye mimba ndiye anabeba. Walikuwa hawajauliza alipokuwa hai, na mazoea yana taabu.

Furaha ya Wilkista ikaanza kuisha, kwa sababu yeye alijua tumbo lile linakoelekea.

Mwaka uliopita, uchungu ulimshika Amondi siku ya mazoezi ya kwaya, mchana, mvua ikinyesha. Gari la kwaya lilikuwa nje ya kanisa. Lakini lilinunuliwa kwa harambee, na katiba ya kwaya inasema aliyetengwa halipandi. Mzee Kipngeno hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalokera. Hakukataa. Aliita kamati ikae ijadili kama katiba inaweza kulegezwa. Kikao kilifunguliwa kwa maombi. Kumbukumbu za kikao kilichopita zikasomwa, zikathibitishwa. Walipofika kwenye ajenda yenyewe, Wilkista alikuwa ameshasimamisha bodaboda, na Amondi akakata roho njiani, kati ya mwendeshaji na mama yake, pamoja na mtoto.

"Badilisha hiyo picha," Wilkista akamwambia Kimeli. "Weka ingine, labda itapita."

Kimeli akaweka picha ya ng'ombe wa maziwa. Kesho yake Amondi alikuwa mbele ya ng'ombe, tumbo lile lile. Akaweka mashamba ya chai peke yake, akawa katikati ya chai. Mwishowe Wilkista akamwomba aweke geti la hospitali. Kimeli alikwenda akalipiga picha mwenyewe kwa simu, akalipunguza uzito, akalitia ndani. Amondi akatokea mbele ya geti, upande wa nje, nalo limefungwa.

"Rudisha ya kwaya," Wilkista akasema. "Hiyo angalau iko na gari."

Siku ya uchungu ilipofika pichani, Amondi aliketi kwenye nyasi. Mikoba aliipanga kando yake vizuri, akaegemea gurudumu la Probox na kufumba macho. Mbele yake kwaya nzima ilikuwa imesimama vile vile, ikitazama mbele na kutabasamu. Wilkista aliomba mtu wa bodaboda amlete Mzee Kipngeno, naye akaja bila kukawia, akavua kofia mlangoni.

"Mwenyekiti," Wilkista akasema, "gari si hiyo nyuma yako? Geuka tu umfungulie mlango. Nakuomba kama ndugu."

Mzee Kipngeno akavaa miwani. Akajitazama pale katikati ya picha, akamtazama Amondi.

"Pole sana, Mama Amondi. Hata mimi naumia," akasema, na ilikuwa kweli, macho yake yalikuwa yamelowa. "Lakini gari si yangu, ni ya kwaya. Hii mambo lazima ipitie kwa kamati."

"Basi waite sasa hivi!"

Akawapigia simu hapo hapo. Waliokuwa mjini walifika upesi, wakajibana kwenye benchi na juu ya kreti za soda, Rodah akiwa katibu. Kikao kilifunguliwa kwa maombi, naye mwenyekiti akaomba kwa uchungu hasa, akimtaja marehemu kwa jina. Kumbukumbu za kikao kilichopita zikasomwa. Wilkista hakukaa. Alisimama mbele ya skrini, kiganja chake kikiwa kwenye kioo pale lilipokuwa gurudumu.

Rodah alipofika kwenye yatokanayo na kumbukumbu, nyasi zilikuwa tupu. Mikoba ilikuwa pale, imepangwa. Ajenda ikafungwa kwa kuwa haikuwepo tena. Kamati ikampa mama pole, mjumbe mmoja akasema kwamba sasa gari linaonekana vizuri zaidi, na mwenyekiti akafunga kwa sala ya neema. Katiba ya kwaya haikuguswa. Haijaguswa mpaka leo.

Walipoondoka Wilkista alilia, akalia kwa sauti, na Kimeli akafunga mlango ili watu wa kituo cha mafuta wasichungulie. Kisha Wilkista akajifuta uso kwa aproni.

"Ile picha ya kwanza bado uko nayo?"

"Iko kwa flashi."

"Iweke tena. Mwanzo."

"Mama, si itaenda tu vile imeenda?"

"Najua."

"Na utakuja kuona tena?"

"Sasa nikae wapi, Kimeli?"

Kimeli akageukia skrini. Akafuta picha iliyokuwa ndani ya nyimbo, akachagua nyimbo zote, akaita picha, akahifadhi. Amondi alikuwa amesimama pembeni, tumbo bado halijatokea, mikoba ya watu mkononi. Alikuwa mzuri siku ile, na hakuonekana mwenye wasiwasi. Wilkista akavuta benchi karibu. Akahesabu kwa vidole miezi waliyobaki nayo.