Kanga Nne kwenye Benchi la Kahawa

Mtandao wa simu hapa kijijini Maparoni una makusudi. Uani haufiki, jikoni haufiki, chumbani kwa Bi Mwanahawa ndiyo usiseme. Umechagua kukaa kwenye benchi la kahawa la Mwinjuma, pale wanaume wanapojazana tangu asubuhi na mwanamke hupita akitazama chini.

Na Bi Mwanahawa alikuwa na harusi ya kuitazama.

Mjukuu wake, Muzdalifa, ameolewa Nyamwage. Aliyepiga video ya harusi ni Yasmin, binti wa Kibiti. Alitafutwa mwanamke makusudi, ili aweze kuingia mpaka ndani kwenye singo, kule ambako bibi harusi husuguliwa mwili kwa manukato, kichwa wazi, kanga moja kifuani. Walikubaliana kwamba ya ndani yabaki ndani. Yasmin ayaondoe yote, maana Ijumaa mkanda ungetazamwa Nyamwage, sebuleni kwa baba mkwe, mashemeji wamejaa kwenye makochi.

Muzdalifa alikuja kusalimia nyumbani, na tangu afike chakula hakipiti.

"Bibi, akisahau hata kidogo, mie Nyamwage sirudi. Baba mkwe anione mabega?"

"Tutatazama kwanza, mke mwenzangu. Usijiue kabla ya ugonjwa."

Yasmin naye ni mtoto aliyelelewa. Alikataa kuutuma mkanda. "Bibi, picha ikishaingia kwenye simu inazaa," alisema. "Leo unayo wewe, kesho anayo muuza samaki. Nitaicheza hapa kwenye kompyuta yangu, nawe utaiona hukohuko, wakati huohuo. Inatoka kwangu inakuja kwako, haipiti kwa mtu. Tukimaliza, hakibaki kitu. Ukiona baya, sema 'simama', naliondoa papo hapo."

Jambo zuri, ila lile benchi. Bi Mwanahawa akawaza, kisha akamwita jirani yake Johari, na Maimuna, shangazi yake Muzdalifa. Wakaondoka wote wanne, kila mmoja na kanga ya ziada begani.

"Shemeji Mwinjuma, nipisheni hapo."

Mwinjuma ni mdogo wa marehemu mumewe, na utani kwake ni kama kupumua. "Leo umekuja kunywa kahawa na waume zako?"

"Kahawa yako maji matupu. Tokeni, pana mambo ya wanawake."

"Mambo ya wanawake kwenye benchi langu?"

"Basi ung'oe mtandao wako uupeleke kwangu."

Wazee wakacheka, wakasogea mpaka kwenye kivuli cha pili. Kanga nne zikafungwa ncha kwa ncha, Johari, Maimuna na Muzdalifa wakazishika kama pazia, na Bi Mwanahawa akaketi katikati, miwani puani, simu mapajani.

Yasmin akapigiwa, mkanda ukaanza. Ngoma ya nje, sawa. Bwana harusi anashuka kwenye gari, sawa. Wapishi na masufuria ya pilau, sawa.

"Unaona nini, Bibi?" Muzdalifa aliuliza, uso kaupeleka pembeni, hathubutu kuchungulia.

"Namwona Johari anaficha nyama."

"Muongo!" Johari akaruka. "Yasmin, hiyo nayo kata!"

Kikaja kipande cha masanduku aliyoleta bwana harusi, yamefunguliwa kitandani. Hapo picha ikakwama. Tuli.

"Mtandao huo, Bibi," sauti ya Yasmin ikasema. "Subiri kidogo."

Kusubiri si kazi kwa Bi Mwanahawa. Mtu aliyeamia ndege kwenye mpunga tangu utotoni anajua kutazama mahali pamoja mpaka ndege ajitokeze. Akatazama vitenge. Akatazama viatu, sabuni, udi. Halafu akatazama nyuma ya kitanda, kwenye kioo cha kabati. Mle kiooni mlikuwa na mkeka, na juu ya mkeka Muzdalifa, bega linang'aa singo, nywele timtim, kinywa wazi kwa kicheko.

"Simama!"

"Imeshasimama yenyewe, Bibi."

"Itazame kabatini, mwanangu. Kwenye kioo."

Yasmin akaikuza picha. "Ya Rabbi! Mara zote hizi nimeona masanduku tu."

"Na mie ingepita ningeona masanduku tu. Mtandao ndio umetusitiri."

Ncha ya kanga ikamponyoka Muzdalifa.

"Shika kanga wewe! Mabega yako yanaondoka sasa hivi."

"Nikate kipande chote?" Yasmin akauliza.

"Masanduku yasipoonekana, mama mkwe atasema tumeyadharau."

"Basi naivuta karibu, kitanda kibaki, kabati litoke nje."

Akaivuta, akaicheza upya. Vitenge, viatu, sabuni, udi. Kioo hakuna. Bi Mwanahawa akataka irudiwe, ikarudiwa, wakaenda hivyo mpaka mwisho wa mkanda.

"Hamna kitu, mke mwenzangu. Nenda kwa mumeo."

Muzdalifa akakaa kwenye benchi la wanaume kama kwao, akacheka huku machozi yanamtoka. "Bibi, nina njaa."

Kanga zikashuka. Mwinjuma akaja mbio. "Haya, na sie tuone hiyo harusi!"

Bi Mwanahawa akampa simu bila kusita. Mwinjuma akaigeuza, akaibonyeza, akaisogeza machoni. Kioo cheusi.

"Mbona naona ndevu zangu tu?"

"Basi ndiyo harusi yenyewe. Mtilie mtoto kahawa, na kashata usizifiche."

Muzdalifa alikula kashata mpaka sinia likabaki makombo.