Miaka Mia ya Con Driscoll

Mzee Con Driscoll alikuwa ameshatangaza, na Mzee Con akishatangaza jambo huwa halirudi nyuma. Tarehe tatu Machi atatimiza miaka mia. Ataisoma kwa macho yake mwenyewe barua ya pongezi ambayo Rais wa Ireland huwatumia waliofikisha mia, atakula kipande kimoja cha keki, kisha atapanda kitandani afe.

"Mia inatosha," aliwaambia wote waliopita jikoni kumsalimia. "Zaidi ya hapo ni uroho."

Hakuwa akitania. Tangu Krismasi ile ya mwaka 1984 alikuwa akifunga virago vyake kwa utaratibu. Saa ya mfukoni alimpa mpwa wake. Fimbo yake nzuri ya mti wa miiba akampa kinyozi. Supu ya jioni akaikataa katakata, kwa hoja kwamba mtu anayeondoka Machi hana haja ya kunenepa Februari.

Aliyekuwa akirudishiwa bakuli la supu limejaa vilevile ni binti yake, Nonie, mwanamke wa miaka hamsini na nane ambaye hakuolewa, na aliyekuwa karani wa posta ya Kilvarra mpaka posta yenyewe ilipofungwa. Mbele ya wageni alicheka utani wa baba yake. Wakishaondoka, alikwenda bandani kwa kuku na kulia. Alimpenda yule mzee kupita kiasi, na wala hakuona haya kwa hilo, ila hakutaka kuonekana akilia.

Sasa barua ya Rais haiji hivihivi. Inataka cheti cha ubatizo chenye sahihi ya padri, na kwa mambo ya vyeti Kilvarra nzima ilimtegemea Nonie. Kwa miaka kumi na mmoja, kila Jumanne, alikuwa akikaa katika nyumba ya padri akijibu barua za Wamarekani. "Babu yangu aliitwa Con Driscoll," waliandika kutoka Boston na Butte, "je, mnamfahamu?" Kumfahamu! Katika kizazi kimoja tu Kilvarra ilikuwa na Con Driscoll kumi na wanne. Mtoto wa kiume wa kwanza alipewa jina la babu yake mzaa baba, hakuna mjadala. Kwa hiyo mzee mmoja Con mwenye wana watano alijaaliwa wajukuu watano Con Driscoll, wote wakikimbiza kondoo kwenye kilima kimoja. Wenyewe kwa wenyewe hawakuchanganyana: kulikuwa na Con wa Darajani, Con Mwekundu, Con wa Mjane. Lakini mapadri wa zamani waliandika *Cornelius Driscoll* wakafunga kitabu, kana kwamba wamemaliza kazi.

Nonie ndiye aliyeimaliza. Kila Con alikuwa na kadi yake, na kadi zote zilikaa katika makopo ya biskuti chini ya kitanda chake.

Kadi ya baba yake hakuhitaji hata kuitazama. Cornelius, tarehe tatu Machi 1885, mwana wa Denis Driscoll na Ellen Minihane, wa kitongoji cha Gortacloon. Katika kitabu cha ubatizo, kurasa chache mbele, alikuwapo Cornelius mwingine: tarehe tisa Novemba 1887, mwana wa Denis Driscoll na Ellen Minihane, wa Gortacloon hiyohiyo. Hilo halikuwahi kumsumbua. Gortacloon ilikuwa na akina Denis Driscoll wawili, mtu na binamu yake, mmoja nyumba ya juu ya barabara na mwingine nyumba ya chini, na kila mmoja alikuwa ameoa Ellen Minihane wake. Watu wale hawakuwa na haraka ya kubuni majina. Wa 1885 ni Con wa Juu, yaani baba. Wa 1887 ni Con wa Chini, aliyekwenda Butte kuchimba shaba na asirudi. Ndivyo Nonie alivyowagawa miaka kumi na mmoja iliyopita, na mgawo wake ukatulia.

Jumanne ya pili ya Februari ilikuja barua kutoka Butte. Mjukuu wa Con wa Chini, mama mmoja mwenye mwandiko wa kishule, alileta picha ya kaburi la babu yake. *Alizaliwa 1891.* Na chini akaandika kwamba babu alikuwa akijisifu kuwa ndiye mtoto wa kwanza wa mama yake.

"Ametia chumvi," Nonie alijisemea. Hata hivyo akafungua kitabu cha ndoa. Ellen wa nyumba ya chini alifunga ndoa Februari 1890. Akafungua cha ubatizo, na mwaka 1891 akamkuta: Con wa Chini, kwa raha zake, mahali ambapo Nonie hakuwahi kumtafuta kwa kuwa alidhani ameshampata.

Basi kadi ya 1887 ikabaki mkononi mwake haina mwenyewe. Ellen wa Chini hakuwa hata bibi harusi mwaka huo. Ellen wa Juu ndiye aliyebatizisha mtoto 1885, na ndiye huyohuyo aliyebatizisha mtoto 1887, na wote wawili wakaitwa Con.

Mama mmoja hawezi kuwa na akina Con wawili nyumbani, akiita mmoja waitike wawili. Ilitokea kwa sababu moja tu, na kila aliyezaliwa Kilvarra aliijua. Wa kwanza alikufa. Jina la babu halikuweza kuachwa chini, likaokotwa, akavishwa aliyefuata.

Nonie alikwenda nyumbani akavuta kopo lenye nakala za sensa. Ile ya 1901 alikuwa ameisoma mara mia: *Cornelius, miaka kumi na mitatu.* Kila mara aliicheka. Nani angeamini umri wa sensa za watu wale? Bibi yake alikuwa na miaka hamsini mwaka 1901, na miaka kumi baadaye akawa na sabini, kwa kuwa katikati hapo serikali ilikuwa imetangaza pensheni kwa waliotimiza sabini, na Kilvarra yote ikazeeka kwa mkupuo. Lakini ile ya 1911 ilikuwa na safu nyingine, iliyowauliza akina mama wamezaa watoto wangapi walio hai, na wangapi wangali hai. Bibi Ellen alijibu: tisa. Wanane.

Nyumbani walihesabu wanane tangu zamani. Nonie alikuwa amesadiki kwamba polisi aliyeandika sensa ndiye aliyekosea. Sasa aliona aibu. Mama hakosei hesabu ya wanawe.

Baba yake hakuwa akikaribia mia. Alikuwa na miaka tisini na saba.

*

"Mimi naona hivi," alisema Padri Lehane, kijana mwenye moyo mwema na soksi zisizofanana. "Jina ni lake. Baba ni wake, mama ni wake. Nikitia sahihi hapa, nimeongopa wapi?"

"Unajua umeongopa wapi, Padri."

"Ukumbi umeshalipiwa, Nonie. Bridie Minihane ameshaoka keki, ina mayai kumi na manane. Ukimwambia mzee leo, si utamkata maini?"

"Nisipomwambia, tarehe nne Machi atakufa. Unamjua. Akishasema."

Padri alikuna shingo. "Na ukimwambia?"

"Pengine atakufa tarehe mbili kwa hasira," alisema Nonie, maana hakuwa tena na mahali pa kujidanganya. Miaka yote hiyo alikuwa amewatafutia watu wa Boston wafu wao, akawapelekea kwa furaha kama mtu anayegawa peremende. Huyu mfu wa kwake mwenyewe alimwogopa. Na tena alimtaka! Kadi ile ya 1887 ilikuwa imemwongezea baba yake karibu miaka mitatu kabla ya kufika mia, na Nonie aliitaka yote, kila siku yake, hata zile za kununa.

Alipiga moyo konde, akamwambia jioni ileile, chai ikiwa mezani.

Mzee Con alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kikombe chini.

"Umeninyang'anya miaka miwili."

"Baba, sikukunyang'anya, ndivyo ilivyo—"

"Miwili na nusu! Mwanangu mwenyewe! Hata majambazi wa mjini huacha mtu na umri wake." Akanyoosha kidole kuelekea chumba chenye makopo ya kadi. "Na pensheni je? Nilianza kuichukua kabla ya wakati. Umenifanya mwizi wa serikali nikiwa na meno mawili."

"Umewafuata waliokutangulia tu. Bibi yangu aliruka miaka ishirini kwa kumi."

"Yule alikuwa na akili. Mimi nimekosea kwa ujinga." Akageuza kiti chake kikatazama ukuta, na hivyo ndivyo alivyokaa siku tatu. Supu hakula. Chai aliinywa, ila baada ya Nonie kutoka chumbani, ili asimpe raha ya kumwona.

Asubuhi ya nne Nonie alikuwa akichota majivu mekoni aliposikia kiti kikikwaruza sakafu.

"Huyo wa kwanza," mzee alisema. "Tarehe yake ndiyo tatu Machi?"

"Ndiyo, Baba."

"Na yangu?"

"Tisa Novemba."

Nonie akaacha majivu na kugeuka.

"Nilipokuwa mdogo," alisema mzee, "kila mwaka mwanzoni mwa Machi, wakati wa kubeba mwani uwe mbolea ya viazi, kulikuwa na siku moja mama alituacha shambani adhuhuri akapanda peke yake mpaka magofu ya kanisa, penye makaburi. Akirudi, macho mekundu. Na mimi, jioni hiyo, hakuweza kunitazama. Wengine aliwapa mkate. Wangu alinipa akiangalia pembeni. Nilimuuliza mara moja tu. Akaniambia nikamwangalie ng'ombe."

Nonie akakaa chini palepale, jivu magotini.

"Mwaka 1918 nilipotaka kumwoa mama yako, padri msaidizi akaniandikia cheti. Nikasoma: tatu Machi. Mama alikuwa ameshafariki, hakuna wa kumuuliza. Nikajua mwenyewe. Siku ile aliyokuwa akiililia ni siku aliyonizaa mimi."

"Baba!"

"Sasa ungefikiri nini? Nilidhani nilimtesa sana kuzaliwa. Au hakunitaka." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya kondoo, lakini mikono yake ilikuwa ikisugua magoti. "Ndiyo maana sikupenda mnitakie heri siku hiyo, ninyi watoto. Nilikimbilia shambani. Hii ya mia ndiyo ya kwanza niliyoikubali. Nilisema, mtu akifikisha mia, hata mama yake atakuwa amemsamehe."

Nonie aliwaza miaka yote ile ya Machi nyumbani mwao, mama yake akiwanyamazisha mlangoni, *mwacheni baba yenu leo,* na baba akishuka shambani na jembe lisilohitajika. Akalia, na safari hii hakwenda kwa kuku.

"Alikuwa akimlilia mtoto wake," alisema. "Na wewe alikuita kwa jina la yule kutwa nzima, Baba. Siku nyingine zote aliweza. Siku moja tu kwa mwaka ndiyo ilimshinda."

"Siku moja tu," alisema mzee. Akafikiri. "Maskini. Na mimi nikamwekea kinyongo miaka sitini na saba."

*

Tarehe tatu Machi ukumbi wa parokia ulijaa mpaka madirishani, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia Bridie Minihane kwamba keki yake haina kazi. Ilikuwa mezani, kubwa kama gurudumu la mkokoteni, imeandikwa kwa sukari ya bluu: CON 100. Habari zilikuwa zimeshazagaa, na watu hawakujua wapige makofi au watoe pole. Barua ya Rais haikuwapo.

Mzee Con alisimama, akishikilia bega la Nonie.

"Nasikia mnanong'ona kwamba keki imekosea," alisema. "Mnisomee. Inasemaje?"

"Con, mia!" wakaitikia.

"Basi imekosea wapi? Con wa Gortacloon, wa nyumba ya juu, leo ametimiza miaka mia. Mimi ni mdogo wake tu. Nimekuja kula kwa niaba yake, kwa sababu nguo zake nimevaa mimi, jina lake nimelitumia mimi, na mama yetu tulikuwa naye wote wawili." Akainua glasi yake ya bia nyeusi. "Heri ya kuzaliwa, kaka. Hatukuonana."

Padri Lehane akapenga kamasi. Kisha mtu mwenye fidla, aliyekuwa amengoja ruhusa tangu saa nane, akaona hiyo ndiyo ruhusa.

Waliporudi nyumbani Nonie alipasha supu kwa mazoea tu, akaweka bakuli mbele ya baba yake, akamgeuzia mgongo ili asimwone akilisukuma. Alisikia kijiko. Hakugeuka. Akasikia kijiko tena, na tena, mpaka kikagonga udongo mtupu wa bakuli.

"Tisa Novemba 1987," alisema mzee nyuma yake. "Ni mbali hiyo."

"Ni mbali, Baba."

"Haya. Kesho mapema pita kwa kinyozi. Mwambie fimbo ile nilimwazima tu."