Kadi ya Kijani

Kila mwezi napeleka fungu moja kwa mshauri wa madeni, naye huwagawia wote wanne wanaonidai. Wote walikubali wakatia saini. Lakini yule aliyenikopesha cherehani bado ananitumia mtu wake, bwana wa viatu vya ncha, apayuke dukani kwangu mpaka wateja wasikie.

Jana alinikuta nampima mama mmoja kiuno.

"Dada, dawa ya deni ni kulipa!" akafoka, utadhani methali hiyo kaitunga yeye. "Watu kama nyie hamna haya. Toa chochote, la sivyo nabeba cherehani."

"Nalipa kwa mshauri. Bosi wako anajua."

"Kwa mshauri wanaenda walioshindwa na maisha."

Akachomoa kalamu mfukoni aandike namba ya cherehani. Kalamu ikatoka na kadi, ikaangukia vitambaa vyangu. Kadi ya kijani, ya mshauri yule yule, ambayo hugongwa muhuri kila mwezi unapolipa. Nikaiokota kabla yake, nikaisoma bila haraka. Jina ni lake mwenyewe; bwana mkubwa alijiunga mwaka mzima kabla yangu.

Nikatoa yangu kwenye droo, nikaziweka mezani pamoja. Yangu mihuri saba. Yake miwili. Mama wa kiuno akainama, akahesabu kwa kidole, akaguna.

"Hebu nikumbushe, kaka," nikasema, kwa sauti kubwa kama yake. "Dawa ya deni ni nini?"