Mtamba wa Silvester

Amos hakutaka kwenda Ipogolo, lakini mume gani angemkataza mkewe kwenda kumwombea marehemu? Jumamosi asubuhi aliwasha Kenta yake ya kubebea mchele, akawapandisha mkewe Evarista, binti yake wa kambo Goodness, na Mercy, kitinda mimba wao ambaye ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Wakatoka Ubaruku kwenda Iringa kwenye misa ya kumbukumbu ya Silvester, mume wa kwanza wa Evarista na baba mzazi wa Goodness.

Shamba la Silvester liko nje kidogo ya Ipogolo, ng'ambo ya Mto Ruaha Mdogo. Amos aliliona zizi kabla hajaliona kaburi. Ng'ombe walikuwa wamenona, migongo inang'aa, na yeye mtu wa mashine ya kukoboa mpunga alijikuta anawachukia bila kosa lolote.

Wanawake walimkimbilia Evarista. "Mama Goodness! Mama Goodness umenenepa!" Nyumbani Ubaruku alikuwa Mama Mercy. Hapa, kumbe, Mercy alikuwa hajazaliwa.

Baada ya misa watu walikaa chini ya turubai, na Joachim, kaka wa marehemu, akashika kipaza sauti. Kila aliyetaka kusema alisema. Mmoja alikumbuka ule mwaka wa ukame, Silvester alipouza pikipiki yake ili anunue pumba, akatembea kwa miguu hadi mvua iliporudi. Mwingine alisema Silvester hakuwahi kutoka mnadani amelewa, na hakurudi nyumbani mikono mitupu. Mama mmoja akaeleza jinsi Silvester alivyomwogesha Goodness mwenyewe alipokuwa mchanga, wanaume wenzake wakimcheka, naye akiwaambia kama ndama anamkausha, mwanawe atamshindaje?

Joachim akamalizia na kisa cha ndama aliyezaliwa usiku wa baridi. "Silvester akamleta sebuleni, akamlaza kwenye kochi, akamfunika kitenge kipya cha shemeji yangu huyu!"

Watu waliangua kicheko. Evarista alicheka kuwashinda wote, kichwa nyuma, machozi yakimtoka. Amos alimtazama. Kicheko kile hakuwahi kukisikia nyumbani kwake hata siku moja, na kilimchoma kuliko sifa zote.

"Sasa," Joachim akasema, "namwomba mjane wa marehemu aweke shada."

Mjane! Mjane ana mume, na mume mwenyewe amekaa hapa amempakata mwanawe! Amos akasimama, akampa Goodness mtoto, akaenda kujifungia kwenye gari.

Evarista alimfuata baadaye. Akapanda upande wa pili, akafunga mlango taratibu.

"Baba Mercy, watu wanakula, wewe umejificha huku."

"Mjane ameshaweka shada?"

"Joachim ameteleza ulimi."

"Hajateleza. Nimeteleza mimi kuja hapa. Tangu asubuhi nasikiliza mwanaume mwenzangu anavyosifiwa mbele ya mke wangu. Hakuna hata mmoja aliyesema alikuwa anakoroma?"

"Alikuwa anakoroma," alisema Evarista.

Amos hakucheka. "Hayo wanayosema ni kweli?"

Evarista angeweza kumpoza kwa uongo mdogo tu. "Ni kweli. Yote. Alinipenda, alimpenda mwanawe, na ng'ombe wake aliwajua mmoja mmoja. Siwezi kumchafua Silvester ili wewe upate usingizi."

"Na mimi?"

"Wewe ni mume wangu. Ulipoleta posa sikukuambia uwe yeye. Nilikuwa nimechoka kuongea na picha ukutani. Nilitaka mtu wa kubishana naye mboga ikiungua."

Jibu lile halikumtosha. Alitaka kusikia kwamba anapendwa kumzidi marehemu, na neno hilo halikuja. Alishuka tu kwa sababu Mercy alikuwa analia huko turubaini.

Wakati wa kuaga, Joachim alimleta mtamba mwekundu, jike ambaye bado hajazaa, kamba shingoni. "Bwana Amos, huyu ni wa Goodness. Ni uzao wa ng'ombe wa baba yake. Mtoto amekua, achukue cha kwake. Tulishazungumza na mama yake."

Amos akamgeukia mkewe. "Ulijua?"

"Nilijua. Ningekuambia nyumbani tusingekuja."

Kumbe marehemu hakuridhika na kaburi, sasa anamfuata mpaka uani kwake! Amos alifungua mdomo akatae. Lakini Goodness alikuwa ameshaishika kamba, na hakumtazama mama yake wala baba yake mkubwa. Alimtazama yeye.

"Baba, tutaenda naye?"

Amos akameza aliyotaka kusema, akaenda kufungua bodi ya nyuma. Mtamba alikataa kupanda. Amos alisukuma kwa bega, na mnyama akamchafulia suruali yake ya kanisani kuanzia kiunoni hadi kwenye kiatu. Wakwe wa mkewe walicheka, Joachim akakimbia kumsaidia.

Walipofika Igawa, Goodness alichungulia nyuma akapiga kelele kwamba ng'ombe amelala. Amos akasimamisha gari kando ya vibanda, akapanda kumwangalia. Mtamba alikuwa anahema, macho yamelegea.

"Huyu ni ugonjwa au uchovu?" aliuliza.

"Uchovu," Evarista alijibu toka chini. "Silvester akiwasafirisha alikuwa..."

"Malizia."

"Alikuwa anawanywesha kidogo kidogo, halafu anawasugua miguu ya mbele mpaka wasimame wenyewe."

Amos aliomba ndoo ya maji kwa muuza nyanya. Akamshikilia mtamba ndoo hiyo anywe, mkono ukimuuma, wivu wake ukiwa bado palepale kifuani. Kisha akapiga goti kwenye samadi, akaanza kusugua.

"Na usiku," aliuliza bila kuinua kichwa, "alikuwa anawafunga wapi?"

Evarista akaegemea bodi ya gari, akaanza kumweleza.