Msumeno wa Khamala

Nasipwondi aliishi Makina, Kibera, na mumewe Khamala na watoto wao wawili, Isaac na mdogo wake, lakini chakula chao kilitegemea sana msitu ulioko upande wa barabara ya Ngong. Huko aliokota kuni zilizokauka, akamuuzia Wacera, aliyepika githeri, mahindi na maharagwe, kwenye kibanda chake Gatina, Kawangware. Mvua ikinyesha alirudi pia na uyoga na mboga za porini. Hata Khamala alipokosa kibarua, watoto hawakulala njaa.

Mwaka wa 1996, baada ya kukaa muda mrefu bila kazi, Khamala alirudi nyumbani akitabasamu. Alikuwa amepata kazi.

"Ya mjengo, ya kubeba mawe?" Nasipwondi akauliza.

"Ya mjengo," akajibu huku akifungua kamba za viatu. Nasipwondi alifurahi, hakuuliza zaidi.

Wiki iliyofuata alienda msituni na jirani yake Musimbi, kila mmoja na kamba yake begani. Kabla hawajafika walisikia mngurumo, kisha kishindo kilichotikisa ardhi.

"Si wanatengeneza barabara?" Musimbi akasema.

Wakapita kichaka cha mwisho, wakasimama ghafla. Jua lilikuwa limemwagika mahali ambapo Nasipwondi hakuwahi kuliona likifika chini. Miti ilikuwa imelala huku na huku, majani yakiwa bado mabichi. Musimbi alishika mdomo. Nasipwondi alitafuta kwa macho njia aliyoizoea, asiione.

Halafu akamwona mwanamume aliyeinama na msumeno wa petroli kwenye shina la mti mkubwa. Alivaa sweta ya kijani yenye kiraka chekundu kwenye kiwiko. Kiraka hicho Nasipwondi alikishona mwenyewe.

"Baba Isaac!"

Msumeno ulizidi kunguruma. Nasipwondi aliruka magogo akamfikia, na Khamala alipoinua macho, akauzima. Uso ulimshuka.

"Umekuja kufanya nini hapa?"

"Wewe ndiye unaniuliza? Hapa ndipo tunakula!"

"Enda nyumbani, tutaongea jioni. Nisipokata mimi, watakata wengine. Kuna tajiri amepewa hii shamba, anataka kujenga."

"Msitu wa serikali unapeanwaje?"

"Sasa mimi nitajuaje?"

Msimamizi akaja kwa haraka. "Huyu mama ni nani? Unamjua?"

Khamala alimtazama mkewe, kisha akatazama chini.

"Simjui," akasema. "Ni hawa wa kuni."

Kamba ilimteleza Nasipwondi begani. Musimbi akamshika mkono na kumwondoa huku msumeno ukiwashwa tena nyuma yao.

Walifika Gatina mikono mitupu. Wacera alikuwa tayari amepanga mawe ya jiko.

"Kuni ziko wapi?"

"Msitu umekatwa," Nasipwondi akasema.

"Umekatwa aje? Wote?" Wacera aliketi kwenye debe, mwiko mkononi, maharagwe yakiloa mbele yake.

Jioni Khamala alileta unga na nyama, akaviweka mezani bila kuketi.

"Ningesema wewe ni bibi yangu, wangenifuta kazi palepale."

Nasipwondi alipika, watoto wakala wakashiba. Kisha akamgeukia mumewe.

"Miti ikiisha, utakata nini?"

Khamala aliinama kuvua viatu.

Miti iliisha upesi kuliko Khamala alivyodhani. Eneo likazungushiwa mabati, vibarua wakafukuzwa. Wacera alianza kununua makaa, akapunguza kipimo cha githeri, na waliokula kwake wakaanza kulalamika. Nasipwondi alitafuta nguo za kufua huko Kawangware. Siku nyingine alipata, siku nyingine alirudi hivyohivyo. Khamala alirudi kukaa nyumbani. Usiku walilala kitanda kimoja, kila mmoja akitazama upande wake wa ukuta, na mpaka mwaka ulipoisha hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha.