Waite Polisi, Mama

Halmashauri ya jiji letu la Harlan Falls, hapa Ohio, ilipofunga maktaba ya Mtaa wa Delmar, ilimpa mkutubi wake, Verdelle Tuggle, keki na barua. Keki ilikuwa na jina lake, wamelikosea herufi mbili. Barua ilimshukuru kwa miaka ishirini na tisa ya kazi, ikamwomba arudishe funguo kabla ya Ijumaa. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja apate pensheni kamili.

Saluni yangu inatazamana na mlango wa maktaba hiyo, kwa hiyo haya sikuhadithiwa na mtu.

Mjadala wa bajeti ulikuwa umechukua wiki sita. Upande mmoja alikuwa Diwani Lyle Brandvold, ambaye ukimwambia mvua inanyesha atakujibu tuongeze askari. Upande wa pili alikuwa Diwani Tamsin Achterberg. Huyu uani kwake alisimika bango la kudai fungu la polisi lipunguzwe, bango zuri, la rangi tatu. Walirushiana maneno hadi mate yakawakauka. Siku ya kura ilipofika, mikono yote ilipanda, wa Brandvold na wa Achterberg pamoja. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na bango halileti kura. Polisi wakaongezwa fungu. Maktaba yetu ikafungwa, bwawa la watoto likakaushwa, na wale wa kuzibua mitaro na kutega panya wakaambiwa wakapumzike makwao.

Wananchi tuliruhusiwa kusema, dakika mbili kila mtu. Verdelle alisimama, miwani ikining'inia kifuani.

“Waheshimiwa, swali langu ni moja. Mtaro ukiziba, panya wakiingia, mtoto akikosa wa kumsomea, nimpigie nani?”

Brandvold akaegemea kiti, akicheka. “Waite polisi, mama! Sasa tunao wa kutosha.”

Ukumbi ukaangua kicheko. Verdelle akamgeukia karani. “Umeyaandika hayo, mwanangu?”

“Nimeyaandika, mama.”

“Basi asanteni.” Akaketi, dakika nzima ikiwa bado yake.

Kesho yake aliingia saluni na bunda la karatasi, kila moja ina namba ya simu ya polisi.

“Jewel, shoga yangu, wagawie wateja. Namba ile ya dharura asiiguse mtu, huenda kuna mtu anakata roho. Hii hapa ni ya mambo ya kawaida. Hii ndiyo ipigwe mpaka ichemke.”

“Verdelle, watakufunga wewe.”

“Kwa kosa gani? Kumtii diwani?”

Simu ya kwanza aliipiga mwenyewe, kwa ajili ya mtaro uliokuwa umeziba mbele ya kanisa. Akaja Sajini Emmett Pastorek, mtu mzima mwenye tumbo lake, mkono kwenye mkanda. Akautazama mtaro. Akatutazama sisi.

“Nani kauziba?”

“Majani, afande,” nikamjibu.

“Kuna mtu mnamshuku?”

“Tunaushuku ule mti pale.”

Akaandika, wallahi akaandika. Kisha akatazama huku na huku, akapiga magoti, akayatoa majani kwa mikono yake huku akihema kama ng'ombe. Verdelle akamletea taulo na kipande cha pai ya pichi. Naamini ile pai ndiyo iliyotuponza baadaye, maana tangu siku hiyo kila simu ya Mtaa wa Delmar Pastorek aliidaka yeye.

Aliitwa kwa panya wa kwa mama Hattie. Aliitwa kwa taa ya barabarani iliyozimika, akasimama chini yake na tochi. Aliitwa kumsaidia mzee wa watu kujaza fomu ya bima, kazi iliyokuwa ya maktaba, akaijaza fomu kwa jina lake mwenyewe ikabidi waanze upya. Alhamisi moja Verdelle aliwakalisha watoto kumi na wanne kwenye ngazi za maktaba iliyofungwa, kisha akapiga simu.

“Mama Tuggle,” Pastorek akasema alipofika, “mimi ni askari.”

“Bajeti inasema wewe ni kila kitu. Kaa hapo.”

Akakaa. Akapewa kitabu cha bata anayeogopa maji, akaanza kukisoma kama anayemsomea mtuhumiwa mashtaka. “Bata huyo, siku iliyotajwa, alikataa kuingia majini.”

“Fanya sauti ya bata!” kasichana kamoja kakadai.

“Sifanyi.”

“Mama Tuggle huwa anafanya!”

Pastorek akachungulia barabara, juu na chini. Hakuona askari mwenzake. Akalia kama bata. Watoto walicheka mpaka wengine wakajilaza chini, na yeye akawa mwekundu mpaka masikioni, lakini nilimwona akitabasamu. Alhamisi ya tatu alikuja bila kuitwa.

Wiki sita zilipita, mitaa mingine ikatuiga, na simu zikafika mia nne. Ndipo Mkuu wa Polisi, Gorman Ludlow, alipofika mbele ya halmashauri. Sisi wa Delmar tulijaza viti vya nyuma.

“Waheshimiwa,” alinguruma, “askari wangu wanazibua mitaro! Wanatega panya! Nina sajini analia kama bata hadharani! Sisi si wakutubi. Hatukusomea kazi hiyo!”

Verdelle alisimama akapiga makofi. Nasi tukasimama. Nilimwona macho yamemlowa. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anakubaliana na mkuu wa polisi, neno kwa neno. Akaninong'oneza, “Jewel, wameelewa. Wanarudisha fungu letu.”

Ludlow akasubiri makofi yatulie. “Kwa hiyo,” akasema, “naomba nyongeza.”

Alikuja na michoro. Alitaka kiundwe Kikosi Maalumu cha Usomaji na Mitaro, chenye kamanda wake, magari yake matatu na sare yake. Brandvold alisema hajapata kusikia jambo la busara namna hiyo. Achterberg akasema haya ndiyo mageuzi aliyoyapigania tangu mwanzo, akaomba jina lake liandikwe kwanza. Mikono yote ikapanda tena.

Verdelle aliketi polepole, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Mwezi uliofuata alipigiwa simu. Kikosi kilikuwa kimegundua kwamba hakina mtu anayejua kupanga vitabu. Mshahara walioutaja ulizidi ule wa zamani kwa theluthi moja, na mwaka wake wa pensheni ungehesabiwa. Alikuja saluni, akakaa kwenye kiti cha kukaushia nywele bila kuosha nywele.

“Nikikataa, watamweka nani?”

“Watamweka mpwa wa Ludlow.”

“Anajua kusoma?”

“Anajua kuendesha gari.”

Akacheka, halafu akalia kidogo, halafu akakubali kazi.

Maktaba ikafunguliwa. Mlangoni wameweka mashine ya kukagua vyuma, inayolia kila mama anapopita na pini za nywele. Kitabu kikichelewa, barua huja na nembo ya polisi. Vitabu sasa vinarudi kwa wakati, kwa kuwa nusu ya mtaa wameacha kuazima. Pastorek aliomba kuhamia kikosini akakataliwa. Waliandika kwamba hana sifa za ukutubi. Wamempeleka stendi ya mabasi.

Ludlow huwaleta wageni kutoka majiji mengine waje kuiga. Mara ya mwisho mmoja wao alimuuliza Verdelle mafanikio haya yalianzaje.

“Tulifunga maktaba,” akamjibu, “tukapewa polisi. Tukawalalamikia polisi, tukapewa polisi. Sasa tunaogopa kulalamikia jua.”

Mgeni akaandika yote, akamshukuru sana.

Kuna mzee mmoja, Clovis Batiste, alikuwa msomaji mkubwa kuliko sote. Miaka mitano iliyopita askari walimvunja mwanawe mkono kwa sababu ya taa ya gari iliyoungua, na tangu hapo hakanyagi mahali penye nembo ile. Maktaba ilipofunguliwa alifika hadi kona, akaiona nembo mlangoni, akageuka. Jumanne ifuatayo nilimwona Verdelle akitoka na vitabu vitano kifuani. Alipofika kwenye uzio wa mzee alivua koti la kikosi, akalikunja akalitia mfukoni mwa mkoba, ndipo akabisha hodi.

“Nani?” mzee akauliza kutoka ndani.

“Ni mimi, kaka Clovis. Wa maktaba.”

Mlango ulikawia. Kisha ukafunguliwa.