Jani la Kumpelekea Baba

Masika yalikuwa yamelichukua daraja la barabara ya chini, malori ya kahawa yamekwama Himo, na Elifuraha hakuwa na njia ila ile ya juu, ya makorongo. Mtu mwenye akili zake hapiti huko na baiskeli mwezi wa nne. Mlima umechanwachanwa na mito. Unateremka umeshika breki mpaka vidole vinakufa ganzi, unavuka maji, unaisukuma baiskeli kwa kifua kupanda ng'ambo, unakanyaga kidogo tu, na korongo jingine hilo hapo linakungoja. Jana alitoka Mkuu, kule Rombo, akalala Kilema. Leo, jua lisijazama, ilimpasa awe Masama, maana baba yake, Mzee Eliufoo, alikuwa anakata roho.

Habari aliletewa na Fikirini, dereva wa lori, siku ya mwisho kabla daraja halijaondoka.

"Mzee kasema hivi," Fikirini alimweleza, hata injini hakuizima. "Uje na sale mkononi, wewe mwenyewe, usitume mtu. Ukimkuta ana pumzi atalipokea. Usipomkuta, utabaki na neno lake."

Neno hilo Elifuraha alikuwa amelibeba miaka yote aliyoishi Rombo. Alfajiri moja huko Masama aling'oa masale yaliyotenganisha kihamba chake na cha mdogo wake Ndelilio, akayapanda tena ndani ya shamba la Ndelilio. Baba akamfumania na kumkemea. Naye, kijana mwenye damu ya moto na akili ya kuku, akamsukuma mzee mpaka akaanguka kwenye mfereji. Mzee aliinuka na matope mwilini, akasema, "Na wanao wakusukume hivi hivi." Sasa Theopista, mkewe Elifuraha, alikuwa na mimba yao ya kwanza. Neno la mzazi aliye hai linaweza kufutwa. Akishakufa nalo, nani atalifuta?

Wachagga hupanda sale mipakani, na jani lake refu likifungwa fundo likaletwa kwa mikono miwili, ni ombi la radhi ambalo hata mwenye moyo mgumu huona haya kulikataa. Walutheri wa Masama waliacha mengi walipobatizwa. Sale hawakuliacha, na wachungaji wao walijifanya hawalioni.

Jani lake alikuwa amelifunga kwenye usukani kwa kamba ya mgomba, akawa analitazama kila baada ya kona. Alipita Kirua, akapita Uru, akapita Kibosho. Tumbo tupu, magoti yamechubuka, mnyororo umeshatoka mara asizozijua. Mchana ulikuwa umegeuka alipofika ukingoni mwa Weruweru, na kabla hajayaona maji aliyasikia yakigongesha mawe huko chini.

Daraja lilikuwa magogo mawili yenye utelezi. Elifuraha aliweka baiskeli begani, akaanza kuvuka kwa hatua za kinyonga. "Ruwa, nivushe," alinong'ona, akimwita Mungu kwa jina alilofundishwa na mama yake. Katikati ya mto mguu uliteleza. Alianguka, akajikuta amelikumbatia gogo kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia umeshika fremu ya baiskeli inayovutwa na maji. Kamba ya mgomba ikafunguka. Jani likainuka juu ya povu, likazunguka mbele ya vidole vyake, karibu kabisa.

Ili alidake ilibidi aiachie baiskeli. Baiskeli ilikuwa jasho lake lote la Rombo. Kichwa kilisema jani, mkono ukashika chuma. Kabla kichwa na mkono havijapatana, jani lilikwisha kwenda na maji.

Aliivuta baiskeli mpaka ng'ambo, akaiangusha chini, akaipiga teke. Alilia kwa hasira. Alijichukia, maana sasa alijua mkono wake ulithamini nini.

Alipanda korongo akihema. Juu kabisa palikuwa na shamba la kahawa lenye masale mpakani, yamesimama mabichi, mengi. Elifuraha hakufikiri. Alinyoosha mkono, akavunja jani moja.

"Nani huyo anavunja mpaka wangu?"

Mwanamke mzee alitokea kwenye migomba, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani na panga mkononi.

"Shikamoo, mae," Elifuraha alisema.

"Mwizi naye ana shikamoo? Unalipeleka wapi hilo?"

Hakuwa na muda wa kutunga uongo. Alimweleza yote, mpaka aliouhamisha, jinsi alivyomsukuma baba yake, jani lililokwenda na maji. Mama huyo, Veronika, mjane wa hapo, alitua mzigo na kusimama mbele ya gurudumu.

"Kwa hiyo ulikosa kwa masale ya mdogo wako, na unakwenda kuomba radhi kwa masale ya kuiba."

"Mae, nakuomba. Jua linaniacha."

"Jua halijawahi kumngoja mtu. Anza na mimi."

Elifuraha aliliangalia jua, lilikuwa limeshaegemea upande wa Masama. Akatamani kumpita kwa nguvu, na nguvu alikuwa nazo. Kisha akakumbuka kwamba alishawahi kumsukuma mzee mwingine kwa nguvu hizo hizo. Alipiga magoti kwenye tope, akalifunga fundo lile jani la wizi, akampa kwa mikono miwili.

"Nimekukosea, mae. Nisamehe."

Veronika alilipokea, akalichomeka kwenye kilemba chake. Halafu akakata jingine kwa panga na kulifunga fundo mwenyewe.

"Hili nimekupa. Lishike mkononi, usilifunge kwenye chuma. Nenda!"

"Aika, mae," Elifuraha alishukuru, akaondoka mbio.

Aliendesha kwa mkono mmoja kupita Machame yote. Kwenye mteremko wa Kikafu breki ya nyuma ilikatika, akawa anazuia gurudumu kwa unyayo mpaka ngozi ikaungua. Alianguka mara mbili, na mara zote mbili aliinua mkono wenye jani juu, akaachia bega liumie. Ukaidi nao una siku yake ya kufaa.

Uani kwao watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, jua limebaki kwenye ncha za migomba tu. Ndelilio alisimama mlangoni, mkononi kata ya mbege, pombe ya ndizi.

"Yu hai?" Elifuraha aliuliza.

"Yu hai," Ndelilio alijibu, akasogea kidogo.

Baba alikuwa mifupa iliyofunikwa blanketi. Elifuraha alipiga magoti. "Baba, mimi Elifuraha. Nimekukosea. Nimekuletea sale." Mkono wa mzee ulipapasa jani, ukalifikia fundo, ukalishika. Wanawake wakashusha pumzi.

Lakini midomo yake ilianza kuhangaika, na kila aliyekuwamo alielewa. Neno lililotoka kinywani hufutwa kwa kinywa. Mzazi humtemea mwanawe mate kidogo kifuani, ndipo baraka inakaa. Mzee alijaribu. Kinywa kilikuwa kikavu kabisa. Akajaribu tena, pumzi ikakatika, ikarudi kwa shida.

"Mungu ameiona nia yake," mwinjilisti Yakobo alisema, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Mbege ilikuwa mkononi mwa Ndelilio. Yeye ndiye kitinda mimba, nyumba ni yake, na kumlisha baba ni haki yake. Hakuna mwingine ambaye angethubutu kumlowesha mzee midomo. Hakusogea.

"Mpaka wangu uko pale pale ulipouhamishia," alisema taratibu. "Baba alikataza usiguswe. Alisema aliyeuhamisha ndiye ataurudisha. Miaka yote hii nalima kipande changu nikiutazama. Na wewe umepiga baiskeli siku mbili kuja kwa baba. Kwangu hukuja."

Elifuraha aligeuka. Njia nzima alikuwa amemwaza baba na mimba ya mkewe, na mdogo wake hakumkumbuka hata mara moja. Akaona aibu iliyomchoma kuliko unyayo wake. Aligeuza magoti yale yale, akainama mbele ya mdogo wake, mbele za watu wote.

"Ndelilio, sina sale jingine," alisema. "Nina magoti tu. Nimekukosea, ndugu yangu."

Baba alikoroma. Mmoja wa wanawake akaanza kulia.

Ndelilio alichovya kidole kwenye kata, akakipitisha kwenye midomo ya mzee, akachovya tena. Mzee alikusanya kile alichopewa, akatema. Tone lilimwangukia Elifuraha kifuani, mate ya baba yake yamechanganyika na mbege ya mdogo wake, naye hakulifuta.